Santuri za Great Victoria Street

Usiku wa manane kuamkia tarehe 31 Julai 1975, gari la bendi ya Miami Showband lilikuwa njiani kurudi Dublin kutoka Banbridge, Ireland ya Kaskazini, ambako bendi hiyo ilikuwa imepiga dansi. Karibu na Newry likasimamishwa na watu waliovaa sare za jeshi. Wanamuziki wakaamriwa washuke na wajipange kando ya barabara, huku nyuma yao bomu likitegwa ndani ya gari. Kizuizi kilikuwa cha uongo. Waliokiweka walikuwa wapiganaji wa UVF, kundi la silaha la upande wa Waprotestanti, na baadhi yao walikuwa pia askari halisi wa kikosi cha UDR. Bomu likawalipukia wenyewe, wawili wakafa pale pale, na waliosalia wakawamiminia wanamuziki risasi. Fran O'Toole, Tony Geraghty na Brian McCoy hawakufika nyumbani.

Naanza na mauaji hayo kwa sababu historia ya santuri ndogo za Belfast haieleweki bila hayo. Hadi usiku ule bendi za dansi zilikuwa zikivuka mpaka wa Ireland wiki baada ya wiki, zikiwachezesha Wakatoliki na Waprotestanti katika kumbi zile zile. Baada yake wanamuziki wa kusini wakaogopa kuja, na wa Uingereza wengi wakaona ni afadhali kuiruka Belfast. Katikati ya jiji kulizungushiwa uzio wa chuma wenye mageti. Mtu alipekuliwa mfuko na mwili kabla hajaingia dukani, na giza lilipoingia mitaa ilibaki mitupu. Kijana wa miaka kumi na saba alikuwa na mawili ya kuchagua: kukaa nyumbani, au kuzunguka mtaa wa watu wa dini yake, ambao wakubwa wake walimjua na walimtazamia ashike upande.

Tarehe 20 Oktoba 1977 The Clash walikuja kupiga Ulster Hall, barabara ya Bedford. Vijana wakafurika kutoka kila pembe ya jiji, nywele zimesimamishwa, mashati yamechanwa na kuunganishwa kwa pini. Onyesho likafutwa saa za mwisho kwa sababu ya bima. Wakabaki nje barabarani, wakakabiliana na polisi. Bendi moja ya mashariki ya Belfast iliyoitwa Rudi iliutungia usiku huo wimbo, na wengi waliokuwapo wamesimulia baadaye kwamba kilichobaki vichwani mwao kilikuwa ule umati wenyewe. Kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye na rafiki zake watatu tu waliokuwa wakisikiliza panki katika jiji zima.

Kwa hiyo bendi zilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuzirekodi.

Wakati huo habari ilikuwa imeshaenea kwamba mtu anaweza kutoa santuri bila kuzipigia magoti kampuni kubwa za London. Huko Brisbane, Australia, The Saints walikuwa wamejitolea wenyewe santuri yao ya kwanza mwaka 1976. Januari 1977 Buzzcocks wa Manchester wakatoa Spiral Scratch kwa lebo yao wenyewe, New Hormones, kwa pauni 500 walizokopa kwa ndugu na marafiki. Nakala 1,000 za mwanzo zikaisha upesi. Hesabu yake ilikuwa rahisi kuielewa. Mkanda wa studio unachongwa kwenye sahani laini, sahani hiyo inafanyiwa mhuri wa chuma, na mhuri unagandamiza plastiki ya moto. Gharama kubwa iko kwenye studio na mhuri. Ukishavilipia, kila nakala inayofuata ni senti chache. Kwa hiyo mwenye pesa ya kununua gitaa zuri alikuwa na pesa ya kutoa santuri ya inchi saba.

Aliyeipiga hesabu hiyo Belfast alikuwa muuza duka. Terri Hooley, mzaliwa wa jiji hilo, alipoteza jicho moja utotoni, na mapenzi yake yalikuwa reggae na muziki wa miaka ya 1960. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 alifungua duka la santuri, Good Vibrations, Great Victoria Street, barabara yenye Hoteli ya Europa iliyopigwa mabomu mara nyingi kuliko hoteli yoyote ya Ulaya. Kufungua duka la muziki mahali hapo wakati ambapo wafanyabiashara walikuwa wakifunga na kuondoka ni jambo ambalo mimi nalihesabu kama tendo la uraia. Vijana wakaanza kulifanya duka hilo baraza lao. Hapo hakuulizwa mtu shule aliyosoma, na Belfast kuulizwa shule ni kuulizwa dini.

Muuza duka kugeuka mtoa santuri si jambo geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Assanand & Sons wa Mombasa na lebo yao ya Mzuri, au Chandarana wa Kericho, walifika kwenye kazi hiyo kwa njia iyo hiyo: anayeuza ndiye anayesikia kwanza wateja wanaulizia nini. Hooley, mwanzoni mwa 1978, aliwasikia Rudi na The Outcasts wakipiga klabu ya Pound, akatoka humo amebadilika. Wazo la kwanza lilikuwa santuri nyepesi, ile ya plastiki inayokunjika, ya kugawiwa pamoja na jarida dogo la mashabiki. Alipoulizia bei akakuta santuri kamili haizidi sana. Basi, akasema, tutoe santuri kamili.

Ikatoka Aprili 1978: Big Time ya Rudi, namba ya kwanza ya lebo ya Good Vibrations. Ni wimbo wa kumsuta mtu anayejiona mkubwa kuliko wenzake, wa haraka, wenye gitaa linalokwaruza na kiitikio ambacho ukikisikia mara moja unakiimba siku nzima. Ndani yake hakuna bomu wala askari. Kuna vijana waliokulia kwenye nyimbo za T. Rex na wakazipiga kwa kasi maradufu.

Naomba nilisimamie hili kidogo, kwa maana historia ya lebo hii karibu kila mara husimuliwa kuanzia santuri yake ya nne, ile iliyopata umaarufu. Kwa maoni yangu santuri iliyobadilisha Belfast ni hii ya kwanza. Kabla yake, kijana wa Belfast mwenye bendi alikuwa na njia moja ya kusikika, nayo ni kupanda meli kwenda Uingereza. Baada yake alikuwa na anwani Great Victoria Street. Rudi walifungua mlango ambao wengine walipita wakaenda mbali kuliko wao, na waliofungua mlango wanastahili kutajwa kwanza.

Jalada la santuri hizo nalo linafaa kutazamwa kwa karibu. Jalada la kawaida hukatwa na kugundishwa kiwandani, na hilo ni gharama. Good Vibrations walichapa karatasi moja kubwa, wakaikunja mara kadhaa hadi ikawa mraba wa kutosha santuri ya inchi saba, kisha wakaitia pamoja na santuri kwenye mfuko wa plastiki. Kazi ya kukunja ilifanywa kwa mkono, na wanamuziki wenyewe pamoja na rafiki zao walikaa chini wakakunja mamia kwa mamia. Ukinunua, unaifungua karatasi na unapata bango la kubandika chumbani. Nakala nyingi zilichanika kwenye mikunjo au zilibaki ukutani kwa mtu, na ndiyo maana leo mkusanyaji akikutana na jalada zima hupunguza sauti. Umaskini wa lebo ulizaa kitu kizuri kuliko jalada ambalo fedha ingenunua.

Mwezi huo huo wa Aprili vijana wakapata pia ukumbi. Harp Bar, mtaa wa Hill, ilikuwa baa chakavu yenye kizimba cha wavu wa chuma mlangoni kuzuia mabomu, mahali ambapo mzazi yeyote angemkataza mwanawe kukanyaga. Humo Mkatoliki wa Falls na Mprotestanti wa Shankill walirukaruka bega kwa bega, wakatemeana bia, wakapendana. Serikali ilikuwa imeshajaribu mipango ya kuwakutanisha vijana wa pande mbili, yenye wasimamizi na ratiba. Harp haikuwa na mpango wowote, ilikuwa na spika.

Kulikuwa na ubishi ndani ya muziki wenyewe. Stiff Little Fingers, pia wa Belfast, walitoa Suspect Device mwaka huo huo kwa lebo yao ya Rigid Digits, na wao waliimba waziwazi juu ya askari, mabomu na hasira. Husimuliwa kwamba kampuni moja iliyopelekewa kaseti yao ilidhani ni bomu, ikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kisha ikapiga simu kuomba nyingine. Albamu yao ya 1979, Inflammable Material, iliyotolewa na Rough Trade, ilifika nafasi ya 14 kwenye chati ya Uingereza, jambo ambalo lebo huru hazikuwa zimelizoea. Wapo waliowalaumu kwa kuuza vita, na wapo waliowalaumu akina Rudi na The Undertones, wenye ile santuri ya nne, kwa kujifanya hawavioni. Mimi nasimama na akina Rudi na The Undertones. Kijana ambaye kila asubuhi anafunguliwa mfuko na askari, akiamua kuimba juu ya msichana wa jirani, anadai ujana ambao vita vilikuwa vimeshamnyang'anya.

The Undertones walitoka Derry, mji wa Wakatoliki wengi, ambako walipiga kwenye baa iliyoitwa Casbah. Kampuni za London zilikuwa zimeshawakataa na bendi ilikuwa karibu kuvunjika. Walitaka tu waache kumbukumbu. Juni 1978 wakaja Wizard Studios, Belfast, wakarekodi nyimbo nne kwa siku moja kwa takriban pauni 200. Kwenye jalada wakaweka picha ya ukuta ulioandikwa matusi ya kuwatukana wao wenyewe. Wimbo wa kwanza ulikuwa Teenage Kicks, uliotungwa na John O'Neill na kuimbwa na Feargal Sharkey kwa ile sauti yake inayotetemeka.

Hooley akaupeleka London, akazunguka kampuni moja hadi nyingine, zote zikamkatalia. Nakala moja akamwachia John Peel, mtangazaji wa BBC Radio 1. Tarehe 25 Septemba 1978 Peel akaupiga, na ulipokwisha akaurudia pale pale, jambo ambalo watangazaji hawakuwa wakilifanya. Katika siku chache Seymour Stein wa kampuni ya Sire akawasaini. Oktoba hiyo walionekana kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops, na wimbo ukafika nafasi ya 31 kwenye chati. Peel aliushikilia wimbo huo hadi kufa kwake mwaka 2004. Maneno ya wimbo huo yamechongwa kwenye kaburi lake.

Na lebo ikapata nini? Husemwa kwamba Hooley aliuachia wimbo kwa pauni 500 na ahadi ya picha ya kundi la wasichana wa Marekani, The Shangri-Las, iliyotiwa saini, na picha hiyo haikufika. Wengi huisimulia kama kichekesho. Kwangu inauma, kwa sababu pesa ya wimbo ule ingeilisha Good Vibrations kwa miaka.

Hata hivyo santuri ziliendelea kutoka. Xdreamysts wa pwani ya kaskazini, Protex wa Belfast ambao baadaye walichukuliwa na Polydor, Ruefrex wa kaskazini ya jiji, The Moondogs wa Derry. The Outcasts wa ndugu watatu wa ukoo wa Cowan wakatoa albamu mwaka 1979. Mwaka huo huo John T. Davis akawapiga filamu, Shellshock Rock, na kwa anayetaka kuona nyuso zao wakati zilipokuwa na miaka kumi na minane hakuna pa kwenda pengine. Angalia jinsi namba za lebo zinavyofuatana: Waprotestanti wa mashariki ya Belfast namba ya kwanza, Wakatoliki wa Derry namba ya nne, na kwenye kitovu cha plastiki jina la duka lile lile.

Biashara haikumudu moyo wa mwenyewe. Hooley aliwapa watu santuri bure, aliwalipia wengine vinywaji, hakuwa mtu wa daftari. Mwaka 1982 duka lilifilisika na kufungwa. Mwaka huo huo Colin Cowan, mpiga ngoma wa The Outcasts, alifariki katika ajali ya barabarani. Hooley alifungua maduka mengine, moja likateketea mwaka 2004 katika moto wa North Street Arcade pamoja na sehemu kubwa ya kumbukumbu zake. Mwaka 2012 Belfast ilitazama filamu iliyotengenezwa juu yake, Richard Dormer akiwa ndiye Hooley.

Rudi nao walivunjika mwaka 1982. Walikuwa wamejaribu London, wakarudi, wakatoa santuri kwa lebo ya Jamming! iliyosaidiwa na Paul Weller wa The Jam, na The Jam ilipovunjika msaada ukakatika. Katika miaka yote hiyo hawakutoa albamu hata moja. Nyimbo zao zilikusanywa kwenye CD katika miaka ya 1990, na mkusanyo huo uliitwa Big Time.