Nguzo Mbili za Malindi

Mwanafunzi aliyesoma historia ya pwani yetu hulijua jina la Vasco da Gama kabla ya kujua jambo jingine juu ya Malindi. Akifika mjini huko huongozwa hadi kwenye rasi iliyoingia baharini, akaonyeshwa mnara mweupe uliobeba msalaba wa jiwe wa Wareno. Si vibaya auone. Lakini kando ya Msikiti wa Ijumaa, katikati ya mji wa kale, zipo nguzo nyingine, nazo ni za makaburi ya wenyeji. Wengi huzipita bila kuuliza. Twaona yafaa tuzitazame nguzo za pande zote mbili kwa pamoja, maana mgeni tumemkariri mno na mwenyeji tumemsahau.

Na tuanze na jiwe lenyewe. Mnara wa mgeni na makaburi ya wenyeji vyote vimejengwa kwa jiwe la matumbawe. Jiwe hili asili yake ni mifupa ya vidudu vya baharini, vilivyoishi kwa jamii na kufa kizazi juu ya kizazi, hata pakawa na mwamba mrefu unaoyavunja mawimbi. Nyuma ya mwamba maji hutulia, samaki huzaana, na vyombo hupata pa kutia nanga. Wazee wetu walilichonga jiwe hilo wakajengea kuta na vibla, wakalichoma wakapata chokaa, na boriti wakazikata katika mikoko. Magofu ya Gedi, yaliyo kusini ya Malindi, yatosha kuwa ushahidi wa ufundi huo. Nayo mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Mji wa namna hiyo haukuwa umekaa ukingoja kugunduliwa. Mwaka 1415, yaani miaka 83 kabla ya Wareno kufika, wajumbe wa Malindi walimpeleka twiga kwa mfalme wa China. Na Vasco da Gama alipotia nanga Aprili 1498, alizikuta bandarini meli za wafanyabiashara wa Bara Hindi. Njia aliyokuwa akiitafuta ilikuwa ikipitwa na wengine kila mwaka, kwa kusi na kwa kaskazi. Mfalme wa Malindi alimkirimu, akampa rubani, naye akafika Kalikuti mwezi wa Mei.

Je, ukarimu huo ulikuwa ujinga? Hasha. Malindi na Mombasa zilikuwa zikishindana, na mfalme alitafuta rafiki mwenye mizinga. Hesabu yake ilikuwa ya siasa, kama zilivyo hesabu za watawala wote. Lakini tazameni mwisho wake. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome ya Fort Jesus huko Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia huko pamoja nao. Mombasa ilishindwa, lakini Malindi nayo ikafifia hata ikawa mahame. Ilifufuka katika miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Unguja, kwa mashamba makubwa ya nafaka yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Hilo nalo ni la historia yetu, wala haitupasi kulificha.

Katika karne ya 20 walikuja wageni wa namna nyingine, wanaotafuta jua, mchanga na samaki wa rangi rangi. Hoteli zikajipanga ufukoni. Mwaka 1968 Serikali ya Kenya ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ili mwamba usivunjwe na kuuzwa vipande vipande. Hata hivyo hifadhi haina ukuta wa kuzuia joto. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yaligeuka meupe na kufa. Tena Mto Sabaki humwaga tope jekundu lililochukuliwa bara, nalo huyanyima matumbawe mwanga. Mto huo ndio Athi wa Ukambani. Basi mkulima wa Machakos asiyezuia mmomonyoko wa udongo anaugusa mwamba ambao labda hajapata kuuona.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji asahauliwe. Tunawaomba walimu, siku mtakapowapeleka vijana Malindi, muanzie kwenye makaburi ya msikitini ndipo mwende kwenye mnara. Waulizeni jiwe lile limetoka wapi, nani alilichonga, na kwa nini jina la mgeni limo katika kila kitabu ilhali jina la mfalme aliyempokea hawalijui. Kisha maji yakitoka, wapelekeni pwani wautazame mwamba. Huko ndiko lilikotoka jiwe la nguzo zote mbili.