Jioni za Kiangazi Ugogoni



Ndugu wapendwa, likizo ya Juni hutukuta hapa Dodoma mvua zikiwa zimekwisha, mtama na uwele vikivunwa, na usiku ukiwa wa baridi na upepo. Hapa kwetu Chang'ombe, watoto wengi hufunga shule Ijumaa na kuanza tuisheni Jumatatu. Mzazi ukimuuliza, hujibu kwamba hataki mwanawe akae bure. Wiki hii napenda tutafakari jinsi wazee wa nchi hii walivyokaa bure na watoto wao, na urithi uliopatikana katika kukaa huko.

Ugogoni mvua ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Kazi ya jembe ilibanwa katika miezi hiyo michache. Baada ya mavuno ndipo zilipokuja ngoma, harusi na kutembeleana. Familia iliishi katika tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, iliyouzunguka ua wa kulaza ng'ombe. Jioni, mifugo ikisharejea, watu waliota moto, na hapo mtoto alisikia hadithi, vitendawili na majina ya mababu zake. Hakuna aliyeandika ratiba.

Tusiwapambe wazee kupita kiasi. Watoto walichunga na kulima, na njaa ilikuwa mgeni wa mara kwa mara. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulipoongezeka, ikaja njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Wengi walikufa, na jamaa zikatawanyika kutafuta chakula. Naamini walionusurika hawakuiona jioni ya amani pamoja na watoto wao kuwa ni muda uliopotea.

Katika maisha hayo ya ufugaji na muziki alizaliwa Hukwe Zawose, mwaka 1938. Baadaye zeze na ilimba vilimfikisha Ulaya na kwingineko, naye akafundisha vijana Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Muziki ule hakuupata darasani. Aliurithi kwa kuishi karibu na wakubwa waliokuwa wakiupiga. Urithi huo haukukoma: mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu iitwayo Maisha.

Wapendwa, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Lumen Gentium ya mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani. Na Bwana wetu mwenyewe aliishi Nazareti hadi umri wa miaka kama 30. Injili inatuambia machache mno juu ya miaka hiyo. Ilikuwa siku za kawaida, za kazi, chakula na mazungumzo, na Mungu hakuziona kuwa hasara.

Mara nyingi mzazi hunijia akiniomba nizungumze na kijana wake wa miaka 16, kwa kuwa wao wawili hawajui tena kuzungumza. Nitazungumza naye. Lakini mazungumzo hayo yalipaswa kuanza miaka 10 iliyopita, juu ya mkeka, wakati mtoto akiuliza maswali yasiyo na maana.

Siwakatazi tuisheni. Nawaomba jioni moja tu katika likizo hii: zimeni televisheni na simu, kaeni nje na watoto mbele ya jiko la mkaa, mkichoma mahindi kama yapo. Msiandae mafundisho. Waacheni waulize, nanyi mwasimulie mlivyokuwa wadogo. Haigharimu shilingi hata moja, na mtoto hataisahau.

Familia Takatifu ya Nazareti, mtuombee.

Padre wenu.