Ukakasi wa Bonga

Nilipopita Bonga, katika barabara ya Babati kwenda Kondoa, bibi mmoja alinikaribisha chai ya rangi, nzito. Ulimi ukashikwa na ukakasi. Hiyo ni kazi ya tanini, ileile iliyomo katika mtama mwekundu.

Punje zenye tanini ndege huzikwepa wakipata nyingine, hata kwelea kwelea. Kwa hiyo mkulima asiye na watoto wa kuamia shamba alipanda mwekundu. Gharama yake aliilipa tumboni, maana tanini hushika protini, chakula kisisagike vyema. Wazee wa Kigezi, Uganda, waliloweka mtama huo katika maji ya majivu, wakauotesha, ndipo wakausaga. Maabara walikuwa nayo wapi?

Chai ilikuja na Wajerumani, wakaipanda Amani mwanzoni mwa karne ya 20. Kilimo cha biashara kilianza 1926. Tanini yake huzuia mwili kupata chuma cha maharage na mboga. Kwa mama mjamzito mwenye upungufu wa damu, hilo si jambo dogo. Akiitenga chai na mlo kwa saa moja hivi, madhara hupungua.

Yule bibi alinipa chai kwanza, ugali ukachelewa sana. Nikamdhania mchoyo.