Daftari la Jacob Wainwright

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliponena hivyo waliwaonya wafanyabiashara, lakini hata mwanafunzi wa historia hana budi kuutia moyoni usemi huo. Matendo ya watu nayo ni mali. Yasipoandikwa, husahauliwa pamoja na wenyewe.

Mwaka 1873 msafiri Mskoti, David Livingstone, alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Miaka mingi alikuwa akiandika shajara, yaani daftari la mambo ya kila siku. Maneno yake ya mwisho aliyaandika tarehe 27 Aprili. Wenzi wake Waafrika, wapatao sitini, wangeweza kumzika papo hapo na kutawanyika. Hawakufanya hivyo. Wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha wakauchukua hadi Bagamoyo, pamoja na madaftari yake. Walifika Februari 1874.

Katika msafara huo alikuwamo kijana mmoja, Jacob Wainwright. Asili yake Myao. Alitiwa utumwani, akaokolewa na merikebu ya Waingereza, akasomeshwa Nassick, Bara Hindi. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, ndiye aliyesoma sala za maziko, ndiye aliyechonga maneno mtini, na ndiye aliyeorodhesha vitu vya marehemu ili kisipotee hata kimoja. Zaidi ya hayo, aliandika shajara yake mwenyewe.

Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, naye Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza. Mwaka uo huo shajara za Livingstone zilichapishwa kwa Kiingereza, zikasomwa kila mahali. Shajara ya Wainwright nayo ilichapishwa, lakini kwa Kijerumani, lugha ambayo hakuiandika. Muswada wenyewe, kwa mkono wake na kwa Kiingereza, umehifadhiwa Blantyre, Uskoti, mahali alipozaliwa Livingstone. Kwa hiyo bwana alijulikana ulimwenguni kote, na karani aliyeyaorodhesha mabaki yake akajulikana na wachache.

Je, yaliyoandikwa na shahidi ni kweli tupu? La. Kipande cha mti ule kimehifadhiwa London, na tarehe iliyochongwa ni 4 Mei; lakini vitabu vingi husema Livingstone alifariki 1 Mei. Msafiri aliyechoka hupotewa na hesabu ya siku. Basi mwanahistoria hulinganisha shahidi na shahidi mwenzake, wala hamwamini mmoja kwa sababu tu aliandika.

Tena wako wasiokuwa na kalamu. Halima, mpishi wa Livingstone, aliyaona mengi ya safari zile, lakini twamjua kwa yale tu ambayo wengine waliandika juu yake.

Msomaji kijana, huenda katika sanduku la babu yako mna daftari la zamani, lenye hesabu za ng'ombe, tarehe za mvua, au majina ya waliozaliwa na waliokufa. Kabla mtu hajawashia moto kurasa zake, lifungue ulisome. Na bibi yako asiyejua kuandika, keti naye, umwandikie.