Randa na Kalamu: Somo la Ufundi katika Shule za Sekondari za Kenya

Katika historia ya elimu ya Kenya ni shida kupata somo lililosifiwa sana na kamati za serikali, na kuepukwa sana na wazazi, kama somo la ufundi. Wengi wamedai kwamba sababu yake ni dharau ya msomi kwa kazi ya mikono. Dai hilo ni jepesi mno. Nchi ambayo mhunzi alipewa heshima yenye hofu ndani yake, na ambayo waunda majahazi wa Lamu walisifika, haikuhitaji kufunzwa thamani ya fundi. Chanzo cha chuki hiyo yafaa kitafutwe katika namna somo lenyewe lilivyoletwa.

Mwaka wa 1924 serikali ya kikoloni ilianzisha huko Kabete, karibu na Nairobi, kituo cha kuwafundisha Waafrika kazi za ufundi kama useremala na uashi. Mwaka huo huo Tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizuru Afrika ya Mashariki, huku mbele yake ukiwapo mfano wa shule za Hampton na Tuskegee za Marekani. Taarifa yake ya 1925 ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na maisha ya kijijini, yaani kilimo, afya na kazi za mikono. Ushauri huo haukukosa hekima. Lakini wazazi walikuwa na macho. Waliona kwamba mtoto wa mlowezi hakuambiwa kuwa randa yamtosha, na kwamba mamlaka ya nchi yalishikwa na wenye kalamu. Randa yenyewe hawakuichukia. Walichokataa ni dari iliyowekwa juu ya kichwa cha mwenye kuishika.

Mwaka wa 1965 mtaalamu Philip Foster, akiandika juu ya Ghana, alieleza jambo lililo karibu na hilo. Wanafunzi waliopendelea elimu ya vitabu hawakuwa wamepotoka akili. Walikuwa wameitazama mishahara na kupiga hesabu yao vizuri kuliko wapangaji wa mitaala.

Baada ya uhuru wa 1963, Kenya iliutafuta mwanzo mwingine. Kwa msaada wa Sweden, karakana ziliwekwa katika baadhi ya shule za sekondari, na humo likafundishwa somo lililo tofauti na uanagenzi wa kale. Mwanafunzi atakaye kutengeneza kigoda hana budi kwanza kukichora: kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni, vipimo vyote vikiandikwa. Kisha ahesabu mbao, achague kiungo cha ulimi na tundu au cha misumari, na aeleze kwa nini. Ndipo ashike msumeno. Ulimi ukilegea ndani ya tundu, hakuna maneno mazuri yatakayouficha ulegevu huo. Kosa la fikira limedhihirika katika mti. Huko ndiko kuzoeza akili na mkono pamoja. Fundi aliyefunzwa kufuata tu mchoro wa mwingine hupata ustadi, lakini hakufunzwa kubuni.

Hatua kubwa zaidi ilifuata Kamati ya Mackay ya 1981. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na masomo ya ufundi yakatakiwa yaenee nchini, ili kijana amalizaye shule aweze kujiajiri. Wazazi waliambiwa wajenge karakana kwa harambee. Shule tajiri zilijenga. Shule maskini zilipata kuta bila jiriwa, na mitihani bila mbao. Walimu waliohitimu hawakutosha. Ikawa mahali pengi ufundi ukasomwa ubaoni, na mwanafunzi akakariri sehemu za randa asiyopata kuisukuma. Mwaka wa 1999 Tume ya Koech iliona kwamba mtaala umelemewa, na marekebisho yaliyoanza 2003 yalipunguza masomo. Useremala, ufundi wa vyuma na ujenzi vikabaki kwa shule chache.

Hivyo somo hili lilishindwa mara mbili, kwa sababu mbili zisizofanana. Mara ya kwanza lilitolewa badala ya elimu. Mara ya pili lilitolewa kama elimu, bila zana. Kosa la kwanza lilikuwa la haki, la pili la gharama, ingawa mzazi maskini aliyaona yote mawili kuwa ni mamoja, kwa kuwa mtoto wake ndiye aliyepungukiwa.

Mtaala mpya ulioanza kujaribiwa 2017 umelirudisha somo la matayarisho ya ufundi katika madarasa ya sekondari ya chini, yaliyofunguliwa 2023. Utapimwa kwa mambo mawili: kama mtoto wa tajiri naye atafunzwa kushika patasi, na kama mtoto wa maskini ataikuta patasi hiyo karakanani.