Ua Linalosingiziwa Bangi

Kandokando ya mashamba yetu huota mmea mrefu mwembamba, wenye maua makubwa ya manjano hafifu na doa jekundu-jeusi katikati. Ua hufunguka alfajiri, na kabla ya jioni limekwisha kujifunga. Mmea wenyewe hauna maisha marefu: huota, hutoa mbegu, hufa, yote katika mwaka mmoja. Mpita njia akiyaona majani yake yaliyopasuka kama vidole, hupiga kelele: bangi! Hapo mwenye shamba huanza kujitetea bure.

Mfano huo umo hata katika jina lake la kitaalamu. Mwaka 1759 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliuandika Hibiscus cannabinus, yaani Hibiscus iliyo mfano wa bangi. Yeye hakudanganyika, kwa kuwa aliuweka katika ukoo wake wa kweli, ule wa pamba, dongodongo na ngai-ngai. Alama ya ukoo huo iko katikati ya ua: nyuzi zenye unga zimeungana zikawa mrija mmoja. Bangi haina kitu hicho; maua yake ni madogo, ya kijani, wala hayana petali. Tena jani la bangi ni vijani kadhaa vilivyotoka mahali pamoja, lakini hili ni jani moja lililochanwa, na yale ya chini ya shina mara nyingi hayakuchanwa sana.

Mmea huu ni mwenyeji wa Afrika, na ulipelekwa India zamani sana. Wazee hawakungoja kitabu: walichuna gome wakasokota kamba, wakachuma majani machanga kwa mboga.

Kosa la pili lilitoka sokoni. Wafanya biashara wa magunia waliita juti nyuzi za mimea mingi. Ile iliyoitwa juti ya Kongo ilikuwa Urena lobata, jamaa ya ua letu, lakini si lenyewe: ua la Urena ni dogo, la waridi, na matunda yake hunasa nguoni. Hiyo Urena ndiyo wazee wengi waliyoilimia serikali ya kikoloni, wakiloweka mashina majini mpaka gome lioze, kazi yenye uvundo mkubwa. Siku za kazi ya lazima zilikuwa 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, zikaongezwa kuwa 120. Mimi naona si haki kuyasahau hayo kwa sababu tu magunia ya leo ni ya plastiki.

Na ngai-ngai? Hiyo ndiyo inayofanana na ua letu kuliko zote. Tazama kikombe kilicho chini ya ua: cha ngai-ngai huwa kinene, chenye maji na uchachu, cha huyu kina vinywele vikali. Lakini nenda asubuhi. Ukichelewa utakuta petali zimekwisha kujikunja, na ugomvi na mwenye shamba utaanza upya.