Silaha, Risasi na Mnyama: Mambo Anayopaswa Kuyajua Mwindaji wa Kasulu na Kibondo

Kwa wakazi wa Titye na vijiji vingine vya nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, pori si mahali pa mbali. Ni humo wanamorina asali, wanamookota kuni na uyoga, na wanamopita kwenda mashambani. Ni humo pia anamoingia mwindaji akiwa na bunduki. Kanuni za uwindaji na za risasi zimewekwa kwa ajili ya watu wote hao pamoja na wanyama wenyewe, na kila mmoja wao ana sababu ya kuzifahamu.

Ardhi ya umma na mnyama wa umma

Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ardhi hiyo imegawanyika katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inaweka msimamo kama huo kwa wanyama: wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais.

Kwa msingi huo, pongo anayelala pembezoni mwa shamba la mihogo si mali ya mwenye shamba, na tohe aliyeonekana katika malisho ya kijiji si mali ya aliyemwona kwanza. Haki ya kumwinda mnyama hupatikana kwa leseni peke yake, hata kama ardhi aliyosimama mnyama huyo inatumiwa na wanakijiji kila siku.

Mahali nako kuna masharti yake. Katika Hifadhi za Taifa, zikiwamo Gombe na Mahale zilizomo mkoani Kigoma, uwindaji hauruhusiwi kabisa. Katika Pori la Akiba la Moyowosi uwindaji hufanyika kwa kibali, na kuingia humo na silaha bila idhini ni kosa hata kama hakuna mnyama aliyepigwa. Misitu ya hifadhi, kama Makere Kusini wilayani Kasulu, inalindwa pia na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Mwindaji anayefuata nyayo za mnyama anapaswa kujua mpaka ulipo kabla ya kuuvuka, kwa kuwa mnyama hasimami mpakani.

Ruhusa tatu zisizobadilishana

Makosa mengi huanza pale mtu anapodhani kwamba ruhusa moja inatosha kwa yote. Mwindaji halali anapaswa kuwa na ruhusa kwa mambo matatu: silaha, risasi na mnyama.

Ruhusa ya silaha hutolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015. Maombi huanzia ngazi ya chini anakofahamika mwombaji, hupitia kamati za ulinzi na usalama, na hushughulikiwa na Jeshi la Polisi. Mwombaji hupimwa pia kama anao uwezo wa kutumia silaha kwa usalama. Leseni inayotolewa ni ya mtu aliyetajwa na ya silaha iliyotajwa. Mwenye leseni hana mamlaka ya kumwazima ndugu, jirani wala rafiki bunduki hiyo, hata kwa siku moja.

Ruhusa ya risasi inafuata leseni ya silaha. Mtu anaruhusiwa kumiliki risasi zinazotumika katika silaha aliyoidhinishiwa, na kuzinunua kwa muuzaji mwenye leseni. Kukutwa na risasi za bunduki nyingine ni kosa linalojitegemea, hata kama bunduki yenyewe haikupatikana. Maelezo kwamba risasi ziliokotwa au ziliachwa na mgeni hayamwondolei aliyekutwa nazo wajibu wa kuzikabidhi kituoni mara moja.

Ruhusa ya mnyama ni leseni ya uwindaji, ambayo hutaja aina ya mnyama, idadi, eneo na muda. Mwenye leseni ya swala mmoja akipiga wawili, yule wa pili ni wa ujangili. Twiga, ambaye ni mnyama wa Taifa, hawindwi. Vilevile sheria inakataza kuwinda wanyama wachanga, pamoja na majike wenye mimba au wanaoandamana na watoto wao.

Risasi ipi kwa mnyama yupi

Kanuni za ukubwa wa risasi zina sababu mbili: kumuua mnyama upesi bila mateso, na kumlinda mwindaji. Kwa wanyama hatari kama nyati na simba, kiwango kinachotambulika Tanzania ni bunduki ya kaliba isiyopungua .375, yaani kipenyo cha takribani milimita 9.5. Kwa swala na wanyama wengine wa kawaida, kiwango cha chini ni kaliba ya .240, takribani milimita 6. Bunduki ya marisau, maarufu kama shotigani, hutumika kwa ndege.

Anayempiga nyati kwa risasi ndogo humjeruhi tu, na nyati aliyejeruhiwa hujificha katika majani marefu akimsubiri anayemfuata. Pengine atakayepita hapo kesho yake ni mwanakijiji asiyejua kwamba kuna mnyama mwenye jeraha.

Silaha zinazofyatua risasi mfululizo haziruhusiwi katika uwindaji. Sumu, mitego ya nyaya, mashimo, moto wa kuswaga wanyama, kuwinda usiku kwa tochi na kufukuza mnyama kwa gari navyo vimekatazwa. Katika mkoa uliopakana na nchi zilizopitia vita, suala la silaha za kivita lina uzito wa pekee. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 21, 2004 ya kudhibiti silaha ndogo na nyepesi katika ukanda wa Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika.

Hatari ya gobore

Gobore lililotengenezwa kienyeji ni silaha kama silaha nyingine mbele ya sheria, na kulimiliki bila leseni ni kosa. Kwa upande wa usalama, gobore lina hatari zaidi. Mtutu wake mara nyingi ni bomba ambalo halikutengenezwa kuhimili nguvu ya baruti, na kipimo cha baruti hukisiwa kwa mkono. Baruti ikizidi, mtutu hupasuka karibu na uso na mikono ya mpigaji. Vipande vya nondo na gololi vinavyopakiwa badala ya risasi haviendi moja kwa moja, hivyo mpigaji hawezi kujua vitakapoangukia.

Serikali imewahi kutoa fursa ya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, ikiwemo ya Septemba na Oktoba 2022. Anayerithi au kugundua gobore nyumbani anashauriwa kuwasiliana na uongozi wa kijiji na kituo cha polisi kabla ya kulibeba, ili likabidhiwe kwa utaratibu.

Usalama wa mwindaji na wa wengine

Risasi ya bunduki kubwa ikimkosa mnyama inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Marisau madogo ya ndege yanaweza kufika mita 200 hadi 300. Kwa hiyo swali la kwanza la mwindaji ni nini kilichopo nyuma ya mnyama. Mnyama aliyesimama juu ya kilima, mbingu zikiwa nyuma yake, hapigwi, kwa kuwa upande wa pili wa kilima huenda kuna shamba, njia au mji wa watu.

Kanuni nyingine za msingi ni hizi:

- Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi hadi itakapokaguliwa.
- Mtutu usielekezwe kwa mtu wala mguuni kwa mbebaji.
- Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi mnyama atambulike kwa macho. Sauti au kutikisika kwa majani si utambuzi.
- Risasi zitolewe kabla ya kuvuka mto, kupanda mti au kuingia kwenye gari.
- Risasi isipolipuka, mtutu uendelee kuelekezwa mahali salama kwa muda wa dakika moja kabla ya kufungua bunduki, kwa kuwa huweza kulipuka kwa kuchelewa.
- Nyumbani, bunduki na risasi vifungiwe mahali tofauti, mbali na watoto.

Katika majimbo mengi ya Marekani, wawindaji wa kulungu hutakiwa kuvaa nguo za rangi ya machungwa inayong'aa. Kulungu hawatofautishi vizuri rangi hiyo na kijani, ilhali binadamu huiona kwa mbali. Warina asali na waokota kuni wanaweza kunufaika na njia hiyo kwa kuvaa kitambaa chenye rangi ya aina hiyo. Nguo nyeusi na za bluu iliyokoza ziepukwe, kwa kuwa huvutia mbung'o, na Kibondo na Kasulu ni maeneo yanayofahamika kwa historia ya ugonjwa wa malale. Mnyama aliyekutwa amekufa asiguswe wala kuliwa, kwa hofu ya kimeta na magonjwa mengine.

Mnyama akivamia, au ajali ikitokea

Sheria inatambua haki ya mtu kumuua mnyama anapolazimika kuokoa maisha. Hata hivyo tukio hilo linapaswa kutolewa taarifa mapema kwa afisa wanyamapori au polisi, na mzoga hubaki kuwa mali ya Serikali. Mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama hatari anaweza kuomba kifuta jasho, na familia iliyojeruhiwa au kufiwa inaweza kuomba kifuta machozi, kwa utaratibu wa kanuni za mwaka 2011. Maombi hayo huanzia kwenye ofisi ya kijiji, na ucheleweshaji wa taarifa hudhoofisha ushahidi.

Mtu akijeruhiwa kwa risasi, jeraha libanwe kwa kitambaa safi kuzuia damu na majeruhi afikishwe hospitali bila kuchelewa. Huduma haipaswi kucheleweshwa kwa hofu ya kukamatwa. Kuficha majeruhi porini kumegharimu maisha ambayo yangeweza kuokolewa.

Makosa ya nyara za Serikali na ya silaha huweza kushughulikiwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, na wapo waliohukumiwa vifungo vya miaka 20 kwa kukutwa na nyara. Kwa anayetaka kuwinda kihalali, hatua ya kwanza ni kufika ofisi ya maliasili ya halmashauri au ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), kuuliza wanyama na maeneo yaliyofunguliwa katika msimu husika, na kupata majibu hayo kwa maandishi kabla ya kununua risasi hata moja.